Mashine Iliyolia Bila Kutumwa

Kila ninapompendekezea mtu anime, lazima kwanza nigombane naye. "Madame, mama muzima kama weye unaangalia dessin animé?" Walimu wenzangu wananiuliza, muuza mkate ananiuliza, hata daktari wa meno aliniuliza wakati mdomo wangu uko wazi na siwezi kumjibu. Nimechoka. Watu hao hao hukaa mbele ya mpira mpaka shingo zinawakakamaa na hakuna anayewauliza umri wao. Kwa hiyo niseme mapema: nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Kolwezi, mvi zimeanza kunitoka, na naangalia katuni za Kijapani kwa sababu zinauliza swali ambalo kwetu hatulipendi. Nani ni mtu, na nani amepewa kazi ya kuamua?

Nilianza kuzionyesha Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia kule Musonoi, mtaa ulio ubavuni kabisa mwa mashimo ya madini. Vijana waliziba madirisha, wakatundika shuka nyeupe ukutani, jenereta ikanguruma nje, nami nikasimama kando ya shuka. Filamu zilikuwa na maandishi ya Kifaransa chini, na si wote waliyasoma upesi, kwa hiyo niliyageuza Kiswahili kwa sauti kubwa. Nilifanya sauti ya mzee, ya mtoto, ya jitu, ya mashine. Walinicheka mpaka wakashika mbavu, lakini Jumamosi iliyofuata walirudi na wadogo zao.

Sikuwaletea zile za kupigana ngumi na kurusha moto. Hizo wanazo kwenye simu, wanazijua kuliko Baba Yetu. Niliwaletea zile zinazokuacha umekaa kimya na hasira usizojua uzipeleke wapi. Kuna moja ya kiumbe kilichotoka chini ya mlima, kikahamia mjini. Wakubwa wa mji wanakipa mitihani kithibitishe kuwa ni mtu: kiimbe, kikumbuke, kione huruma, kikubali kosa. Kinafaulu yote. Halafu kinawaomba wao pia wafanye mtihani uleule, na mkutano unafungwa haraka. Nyingine ni ya mfagiaji aliyefinyangwa kwa udongo katika jengo la ghorofa, ambaye kila mvua ikimnyeshea anaanza kulegea na wapangaji wanashuka kumkanda upya. Mwishoni mwili wake mzima una alama za vidole vyao, na mpangaji tajiri aliyehamia juzi anataka atupwe kwa kuwa anachafua ngazi. Ukiweza kuzipata, zitafute. Usimwachie mtoto mdogo ile ya pili peke yake, atalia.

Mama mmoja wa kwaya alikuja kumtoa binti yake ukumbini akimvuta mkono. Alisema vile ni vitu vya shetani, kwa nini kiumbe kisicho mtu kinasema. Nilimuuliza kama punda wa kwenye Biblia hakusema. Tangu siku hiyo tukikutana sokoni anageukia upande wa nyanya.

Katika hao waliorudi kulikuwa na mwanamume mmoja, umri wa mdogo wangu wa mwisho, mwenye ndevu chache na bega moja lililoshuka kwa kubeba magunia. Alikuwa mchimbaji, creuseur kama tunavyowaita huku. Alitoka Dilolo, huko mpakani mwa Angola, akaja Kolwezi kama wanavyokuja wote, kutafuta maisha. Alikuwa akivua mabuti yake nje ya mlango na kuyapanga vizuri, kisigino na kisigino, ili asituletee matope ndani, kisha anaingia na soksi na kukaa benchi la karibu na mlango. Kifaransa hakukijua, kwa hiyo hakutazama maandishi hata kidogo. Alitazama nyuso. Mara nyingine alicheka kabla sijamaliza kutafsiri, na alikuwa sahihi.

Filamu niliyoipenda kuliko zote ni ya mashine ya kulia. Ni mji mkubwa, wazee wanafia vyumbani peke yao, hawana wa kuwalilia. Basi kampuni moja inakodisha mashine zenye sura ya wanawake waliovaa nguo nyeusi. Zinatumwa kwenye mlango fulani, zinalia, zinarudi. Siku moja mashine mojawapo inapita kwenye ngazi, inaona mlango uko wazi na ndani mzee amekufa. Hakuna aliyeiagiza. Inakaa chini, inalia. Kampuni inaipeleka karakana kwa kuwa imeharibika. Mafundi wanaifungua kichwa na kifua, wanatafuta hitilafu siku nzima na hawaioni, na macho yake yanaendelea kutoa maji mezani.

Taa zilipowashwa niliwauliza vijana ni kitu gani kinamfanya mtu awe mtu. Mmoja alisema akili, mwingine ubatizo, mwingine kucheka. Msichana mmoja mwembamba, ambaye kawaida hakufungua mdomo, alisema: "Ni kuliliwa." Wenzake wakampigia makofi.

Mchimbaji wetu alinyoosha mkono kama yuko shuleni. "Madame, mi niko na swali. Ule muzee, balimuzikaka wapi?"

Nimeiona filamu hiyo sijui mara ngapi, na sikuwahi kumfikiria yule mzee. Sote tulikuwa na huruma ya mashine. Nikamjibu kwamba filamu haisemi alizikwa wapi.

"Ile ni mubaya," akasema, kwa uchungu kabisa. Kisha, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umenyamaza na yeye hakupenda kuharibu mchana wa watu, akacheka. "Lakini ile machine, mi najua juu ya nini inaliaka. Betri yake ilitoka ku Musonoi."

Kobalti ya betri inachimbwa pale pale ubavuni mwetu, kwa hiyo tulicheka mpaka jenereta ikazimika, na hata hapo tuliendelea gizani.

Sasa nieleze habari ya shirika, maana asiyeijua hatanielewa. Kwetu Wakatoliki, parokia imegawanywa katika jumuiya ndogo za mitaa, na kila moja tunaiita shirika. Mnakutana kila Jumatano, mercredi kama tunavyosema, nyumbani kwa mmoja wenu, mnasoma, mnasali. Mtu akifa, familia inakwenda kwa mkuu wa shirika, na yeye ndiye anayesimama mbele ya katekista na kusema: tunamjua, alisali nasi. Bila neno hilo hakuna sala kilioni, hakuna msalaba wa kutangulia, hakuna kwaya. Desturi yenyewe siichukii. Iliwekwa ili mtu asizikwe kama mzigo, ili pawe na majirani wa kusema alikuwa wetu. Nachukia walichokuja kuifanyia.

Mkuu wa shirika letu alikuwa mfanyabiashara wa madini, mtu wa suti, mwenye sauti nzuri ya masomo. Mwaka ule alinunua benne, lile lori kubwa la kumwaga, na akataka libarikiwe. Hilo si ajabu, hapa tunabariki nyumba, pikipiki, mashine ya kusaga. Ila yeye alitaka sherehe, na sherehe inataka parrain na marraine, baba na mama wa ubatizo. Nikachaguliwa mimi kuwa marraine, kwa kuwa nilifundisha watoto wake na kwa kuwa, alivyosema, madame wa fizikia anajua mashine. Nilivaa pagne mpya, kitenge cha sherehe. Lori lilikuwa limesimama uani mwa kanisa na mashada ya maua mbele, na paroko akayanyunyizia maji ya baraka matairi, moja baada ya jingine, akizunguka taratibu huku kwaya inaimba. Mimi na parrain tuliweka mkono juu ya chuma chake. Kisha mkuu wa shirika akashika maikrofoni.

"Tangu leo, iyi benne ni mwana-shirika. Tuiombee kama bile tunaombea bandugu yetu."

Watu wakashangilia. Nilishangilia na mimi, soda mkononi. Mchimbaji wetu alikuwa pale ukutani na shati lake la Jumapili, pamoja na wenzake ambao kuanzia kesho yake wangelipakia magunia. Alinijia akitabasamu kunipongeza.

"Madame, félicitations. Mutoto wenu ni munene sana."

Msimu wa mvua ukafika. Hapa kila mtu anajua maana yake, udongo unakunywa maji na kuta za mashimo zinalegea, na bado watu wanashuka kwa sababu tumbo halisubiri kiangazi. Shimo lilimfunika mchimbaji wetu asubuhi moja. Wenzake walichimba kwa mikono mpaka wakamtoa, na alikuwa ameshakufa.

Kilio kiliwekwa uani kwa mwenye nyumba aliyempangisha chumba. Turubai, viti vya plastiki vya kuazima, wanaume wachache wenye udongo kwenye kucha. Dada yake mkubwa alifika kutoka Dilolo amechoka, uso umevimba, akakaa kwenye mkeka na kuuliza swali moja tu: ni saa ngapi katekista atakuja. Mmoja wa wale wanaume akamweleza habari ya mkuu wa shirika, kwamba walikwenda kwake na hakukubali. Yule dada akanishika mkono, maana aliambiwa mimi ndiye madame wa sinema ambaye ndugu yake alikuwa akimtaja kwenye simu.

"Mama yetu ni muzee, hawezi kutembea. Nikirudia ataniuliza paka kintu moja. Ataniuliza: balimuombea? Mi nitamujibu nini?"

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shirika.

Nilimkuta uani kwake akisimamia kuoshwa kwa lori. Dereva alikuwa na mpira wa maji, povu jeupe limefunika matairi yote, na maua ya ile sherehe bado yamefungwa mbele, yamekauka. Tulisalimiana vizuri. Alinipa kiti, sikukaa.

"Tata président, kule ku kilio dada yake na marehemu anangoja neno yenu."

"Nilisikia. Inaniumiza, Madame. Lakini hatumujue."

"Namna gani hamumujue?"

"Shirika haimujue. Tunasali kila mercredi. Hatukumuonaka hata siku moja."

"Mercredi alikuwa mu shimo, tata."

"Njo choix yake ile, ni ye alichagua. Sasa tukiombea kila mucreuseur anakuya kufia huku, tutamaliza saa ngapi? Règlement ni règlement."

Alisema hivyo, kwamba kanuni ni kanuni, bila ukali, kwa ile sauti yake nzuri ya masomo, na hapo ndipo hasira ziliponipanda mpaka masikio yakawaka moto. Angenifokea ningeweza kuvumilia. Mtu amebatizwa Dilolo, ana mama, ana dada, anavua mabuti asichafue ukumbi wa Mungu, na mwenzake anasimama na viatu vinavyong'aa kusema hatumjui, kana kwamba ni jiwe lililodondoka kwenye shimo la jirani. Nikalitazama lori, likatazamana na mimi kwa taa zake mbili kubwa, safi kuliko sisi sote.

"Na iyi?" nikamuuliza. "Iyi inakuyaka mercredi?"

"Madame, musicheze."

"Sichezi. Mulisema na micro, mbele ya batu bote, iyi benne ni mwana-shirika. Mi ni marraine yake. Ao ilikuwa bongo, mulikuwa munatudanganya?"

"Ile ilikuwa namna ya kusema tu."

"Basi mi naisema na miye. Nani alikuwa anaijaza kila siku? Nani alikuwa anapanda pale juu na magunia? Ni ye. Kama mu shirika yenu muko mwana-shirika moja mwenye anamujua ule muntu, ni iyi benne. Nitaipeleka ku kilio itoe témoignage, iseme inamujua."

Dereva aliacha maji yamwagike ovyo. Mkuu wa shirika akaligeukia lori lake. Aliyesema ni mke wake, ambaye alikuwa ametoka jikoni na kusimama mlangoni akijifuta mikono, sijui tangu saa ngapi.

"Tata, toa clé."

"We mama, unasikia bile anasema?"

"Nasikia. Na batu bataisikia pia, juu Madame ataisema ku kilio, ataisema ku sokoni, ataisema mbele ya paroko. Minyi mulibatiza chuma, sasa munakatalia muntu. Mi nitapita wapi? Toa clé."

Alimpa dereva ufunguo. Neno hakulitoa, na nataka hilo lijulikane. Hakubadilika moyo. Aliona haya mbele ya mke wake, akaingia ndani na kufunga mlango. Sijui kama kuna tofauti kwa aliyekufa, lakini kwangu ipo, na mpaka leo namsalimia kwa kichwa tu.

Lori lilipoingia kwenye ile barabara ya kilioni watu walisimama wakidhani ni kampuni ya mgodi imekuja kufukuza watu. Vijana wangu wa Jumamosi walikuwa wameshafika, wote, hata yule binti aliyevutwa mkono na mama yake. Katekista alikuwepo pia, amekaa kando na kitabu chake kimefungwa magotini. Ni mzee mwoga, maskini, alikuja kama jirani na alikuwa anaogopa kukifungua. Paroko alikuwa safarini vijijini, na katekista hakutaka matatizo na mtu yeyote.

"Madame, neno ya président iko wapi?"

Nikamwonyesha lori. "Njo ile. Ni mwana-shirika, inamujua."

Alilitazama, akanitazama mimi, na nadhani alikumbuka maikrofoni na kwaya na yale maji kwenye matairi, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba ndoo. Aliona aibu iliyokuwa ya mtu mwingine. Kisha akawageukia vijana.

"Na minyi? Minyi munamujua?"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Alikuwa anavua mabuti. Alikuwa anacheka mbele ya batu bengine. Alituambia betri ilitoka Musonoi. Siku moja mvua ilipiga akabeba jenereta ndani mwenyewe. Yule msichana mwembamba alingoja wanyamaze, akasema: "Alikuwa anauliza juu ya ule muzee, balimuzikaka wapi. Ni ye paka moja aliuliza, ye peke yake."

Dada yake hakuwa anaelewa ni mzee gani. Alilia hata hivyo.

Katekista alivua kofia, akafungua kitabu. Alisali yote, hakuruka hata mstari, na sauti yake iliyozoea kunong'ona ilifika hadi barabarani. Sanduku likapandishwa kwenye lile lori ambalo marehemu alikuwa amelijaza kwa mgongo wake, wenzake wakapanda kulishikilia, nasi tukapanda nyuma yao tukishikana mikono. Mtu mmoja alikuwa ameleta mabuti ya marehemu, ameyaosha, akayaweka miguuni pa sanduku, kisigino na kisigino. Dereva aliendesha polepole. Vijana waliimba njia nzima, na mimi niliimba nikiwa na hasira, kwa sababu hata wakati huo sikuweza kusahau kwamba ilibidi lori lije ndipo mtu aonekane mtu.

Bado wananiuliza ni anime gani wenye kutaka kufikiri waanze nayo. Nawaambia ile ya mashine ya kulia. Ninapoionyesha siku hizi, tukifika pale penye mlango ulio wazi, nasimamisha picha kidogo kabla mashine haijaingia, tumwangalie kwanza yule mzee. Wageni wanalalamika kwamba naharibu filamu. Waache walalamike.

Makaburini, baada ya udongo kurudishwa, dada yake alipiga simu Dilolo. Walizungumza lugha ya kwao, nami sikuielewa, kwa hiyo alinitafsiria kipande kwa kipande kama nilivyomfanyia ndugu yake ukumbini. Mama alikuwa ameuliza kama waliomba. Alijibu ndiyo, waliomba yote. Mama akauliza ni akina nani walikuwepo, na akajibiwa: katekista, bacreuseurs, madame moja, batoto mingi, na lori.

Dada yake akasikiliza, kisha akaishusha simu kidogo.

"Anauliza," dada yake akaniambia, "lori ya nani?"

"Mwambie ni ya shirika," nikasema. "Mwambie inamujua."